Moshi kwenye picha: Siri iko kwenye taa, si wingi wa moshi

Taa za ukumbi zinafifia, muziki laini unaanza, na ukungu mweupe unatambaa sakafuni hadi kwenye magoti ya bwana na bibi harusi. Wapigapicha wanasogea, simu zinainuliwa. Kesho yake picha inayosambaa kwenye magrupu ya familia ni hiyo: maharusi wakicheza kama wako juu ya mawingu.

Mtindo huu umeshatoka ukumbini. Sasa uko kwenye video za muziki, picha za mahafali, hata picha za viatu na manukato yanayouzwa Instagram. Lakini wengi wanaojaribu wenyewe hukwama sehemu moja. Moshi wanauona kwa macho, ila kwenye picha haupo. Wanaongeza, bado haupo. Wanaongeza tena, mpaka chumba kizima kinakohoa.

Mara nyingi shida si moshi kuwa mdogo. Shida ni taa kukaa mahali pasipofaa. Na kosa hilo haliharibu picha tu, linaweza kuhatarisha watu waliomo chumbani.

Kwa nini hauonekani

Moshi na ukungu ni chembe ndogo sana zinazoelea hewani. Hazina mwanga wake, zinatawanya mwanga unaozipiga. Sehemu kubwa ya mwanga huo haurudi ulikotoka, unaendelea kwenda mbele.

Ndiyo maana taa ikikaa nyuma ya moshi na kuelekea upande wa kamera, moshi unang'aa. Taa ikitoka upande wa kamera, kama flashi ya simu, mwanga mwingi unapita na kwenda zake. Kile kidogo kinachorudi kinageuka pazia la kijivu mbele ya sura ya mtu.

Fikiria vumbi la chumbani. Huwezi kuliona mchana kutwa, lakini mwale wa jua ukipenya dirishani, unaliona likicheza hewani.

Panga hivi kabla ya kuwasha moshi

Kwanza, tafuta giza nyuma. Ukuta mweupe unaumeza moshi mweupe. Shuka au kitambaa cheusi kinatosha.

Pili, weka taa nyuma ya mtu au pembeni kidogo, nje ya picha. Tochi ya simu ya pili inafanya kazi kwa picha za vitu vidogo. Kama uso unakuwa mweusi, weka karatasi nyeupe mbele yake ili irudishe mwanga kidogo.

Tatu, funga fokasi mapema. Kamera huhangaika kutafuta fokasi kwenye ukungu. Kwa simu nyingi, bonyeza na kushikilia kidole kwenye uso wa mtu mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga kidogo ili moshi usigeuke doa jeupe.

Nne, chagua spidi ya shata. 1/250 au zaidi inagandisha mikunjo ya moshi. 1/15 inaulainisha uwe kama pamba, lakini kamera iwe kwenye stendi na mtu atulie.

Mwisho, zima feni na kiyoyozi wakati wa kupiga, na usubiri sekunde kadhaa baada ya kuwasha. Moshi unaotoka tu unakuwa bonge, ukitulia kidogo unasambaa vizuri. Picha zikiisha, fungua madirisha.

Udi na ubani: pa kuanzia

Kwa picha ya kikombe cha kahawa, viatu au chupa ya manukato, kijiti kimoja cha udi kinatosha. Nyumba nyingi za Pwani zina chetezo tayari, na ubani kidogo juu ya kaa moja unatoa moshi mzito zaidi.

Angalizo: usiingize jiko zima la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi ambayo inaua. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo iache, ina sumu ya wadudu na haikutengenezwa kwa ajili ya kuvutwa karibu na pua.

Mashine ya moshi

Hii ndiyo ya maholi na kumbi za burudani. Inapasha moto kimiminika cha maji yaliyochanganywa na glaikoli au glisarini, kinatoka kama mvuke, kisha kinapoa hewani na kuwa ukungu. Kwa kuwa unatoka wa moto, ukungu huu hupanda juu na kujaza chumba.

Usimsogeze mtu karibu na mdomo wa mashine, unaunguza. Sakafu nayo inaweza kuteleza. Tumia kimiminika kilichotengenezwa kwa mashine hiyo tu. Kuongeza manukato au mafuta ili "kinukie" ni kumlisha mgeni kitu kisichojulikana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wafanyakazi 101 wa burudani nchini Kanada ulihusisha ukungu wa glaikoli na kikohozi na koo kukauka. Waliofanya kazi karibu zaidi na mashine walikuwa na mapafu yenye nguvu ndogo kuliko wenzao. Kwa hiyo uliza kwanza kama kuna mwenye pumu. Ni swali la sekunde tano.

Barafu kavu: nzuri, lakini ina hesabu yake

Ule ukungu unaotambaa chini kwenye dansi ya maharusi mara nyingi ni wa barafu kavu. Hii si barafu ya maji. Ni hewa ya ukaa iliyogandishwa, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. Ikitiwa kwenye maji ya moto inageuka gesi bila kuyeyuka, na baridi yake inageuza mvuke wa maji kuwa ukungu.

Ukungu wenyewe ni maji tu. Hatari ni gesi inayokuja nao, ambayo ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu. Inakaa chini, na chini ndiko waliko watoto.

Kilo 1 ya barafu kavu inatoa takriban lita 540 za gesi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3: kina lita 48,000 za hewa. Ukitumia kilo 4 humo milango ikiwa imefungwa, gesi hiyo inafika zaidi ya asilimia 4 ya hewa yote. Hewa ya kawaida ina karibu asilimia 0.04. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani wanaihesabu asilimia 4 kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai.

Februari 2020, jijini Moscow, barafu kavu ilimwagwa kwenye bwawa la ndani katika sherehe ya kuzaliwa ili watokeze moshi wa kuvutia. Watu watatu walifariki.

Kwenye ukumbi mkubwa wenye dari refu na milango wazi, gesi inatawanyika. Kwenye studio ya chumba kimoja, hapana. Vaa glavu nene, usiifungie kwenye chupa au chombo kisichopumua kwa sababu kitapasuka, na ukiisafirisha kwa gari, shusha vioo. Mtu akianza kuumwa kichwa, kuhema haraka au kuona kizunguzungu, wote tokeni nje kwanza, picha baadaye.

Fataki za moshi wa rangi

Hizi ndizo zinazotoa moshi mwekundu au wa bluu kwenye picha za nje. Ni moto kamili, si mchezo, na hazifai kabisa ndani ya nyumba. Kopo lake hubaki la moto hata baada ya moshi kuisha.

Septemba 5, 2020, huko California, fataki ya moshi iliyowashwa kwa ajili ya picha za kutangaza jinsia ya mtoto anayetarajiwa ilidondosha moto kwenye nyasi kavu. Moto ukasambaa na kuteketeza zaidi ya ekari 22,000. Mfanyakazi mmoja wa zimamoto alifariki.

Wakati wa kiangazi nyasi za Dodoma au Machakos hukauka vilevile. Chagua eneo tupu la udongo au saruji, weka ndoo ya maji karibu, na uulize mapema kama unahitaji kibali.

Jaribio la kwanza

Kabla ya kununua au kukodi chochote, fanya hivi leo usiku. Chukua kijiti kimoja cha udi, kitambaa cheusi na tochi. Piga picha ya kwanza tochi ikiwa mbele, kisha ihamishie nyuma ya moshi upige ya pili. Kijiti ni kilekile, moshi ni uleule.

Ukishaona tofauti, unajua cha kumwambia mtu wa mashine siku ya shughuli: taa ihamie nyuma, moshi upunguzwe, milango iachwe wazi, na watoto wasichezee kwenye ukungu.