NGOME ILIYOSHINDWA NA NJAA

Ukibahatika kutoka Masalani kwenda Mombasa mwisho wa juma, usikose kuzuru Ngome ya Yesu, pale Mji wa Kale. Mimi nilienda na wazazi na wadogo zangu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe, na kuta zake ni nene ajabu! Je, ilitekwaje? Waarabu wa Oman waliizingira tangu 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani wengi wakaangamizwa na njaa na maradhi. Baba, ambaye ni mfugaji, akasema, "Boma imara halimlishi ng'ombe." Basi wenzangu wa Ijara, tunaoujua ukame, tuweke akiba mapema. Tembea uone!