Fahamu: VPN ya ofisi, seva na TCRA

Ofisi iko Mwanza, mhasibu yuko Bukoba, mnunuzi wa samaki yuko Ukerewe, na wote wanahitaji mafaili yaleyale. VPN husimba mawasiliano kati ya kompyuta ya mfanyakazi na seva ya ofisi, hata akitumia intaneti ya nyumba ya wageni.

Tanzania, jambo hili si la fundi peke yake. Oktoba 13, 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu na kampuni zinazohitaji VPN kwa kazi zao kutoa taarifa kufikia Oktoba 30, pamoja na anwani ya IP. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinataja, kwa anayezikiuka, faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Tukirudi kwenye seva: ile huduma nafuu ya kuhifadhi tovuti, mnayochangia na wateja wengine, kwa kawaida haifai, kwa kuwa haikupi mamlaka ya kusakinisha VPN. Kodi seva pepe yenye IP isiyobadilika. Kati ya programu za VPN, WireGuard ni nyepesi kuliko OpenVPN. Kwa kawaida hupita mlango wa UDP 51820. Kila kifaa kipewe ufunguo wake. Ufunguo mmoja kwa ofisi nzima ni uzembe: mtu akiacha kazi, mtamfungiaje? Wala msiiweke VPN kwenye seva moja na tovuti. Mara nyingi tovuti ndiyo hudukuliwa kwanza.

Mkishapata IP, pelekeni taarifa TCRA kabla ya kumuunganisha mfanyakazi wa kwanza.