Cheti cha kuzaliwa: Mzazi, usisubiri mtoto afike chuo

Mwaka niliomaliza kidato cha sita niliamini kazi ngumu imekwisha. Matokeo yalikuwa mazuri, na kilichobaki kilikuwa kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Kwenye orodha ya viambatanisho kulikuwa na kitu kimoja ambacho nyumbani kwetu hakikuwapo: cheti cha kuzaliwa.

Baba alifungua sanduku la bati analotunzia nyaraka zake, akatoa karatasi iliyokunjwa hadi ikaanza kuchanika. Lilikuwa tangazo la kizazi, ile karatasi mama aliyopewa hospitalini siku aliponizaa. Kwa miaka yote ile wazazi wangu walidhani hicho ndicho cheti.

Alipanda basi kwenda makao makuu ya wilaya. Safari ya kwanza mhusika hakuwapo. Safari ya pili ikaonekana jina langu kwenye tangazo lina herufi moja tofauti na vyeti vya shule, akarudishwa akatafute uthibitisho. Safari ya tatu ndipo akapata, zikiwa zimebaki siku tatu dirisha la maombi lifungwe. Nauli ya safari zote ilitoka kwenye fedha ya mbolea. Mwaka ule tulilima bila mbolea.

Miaka michache baadaye dada yangu, anayeishi Mbeya, alimpeleka mwanawe kwenye chanjo ya wiki sita. Alirudi nyumbani na cheti cha kuzaliwa mkononi. Hakulipa ada, na hakupanda basi lolote.

Nini kilibadilika?

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2012, ni takriban asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Si kwamba wazazi hawakuwapenda watoto wao. Utaratibu wenyewe ulikuwa mrefu. Kwanza unapewa tangazo hospitalini, au kwa mtendaji kama mtoto amezaliwa nyumbani. Kisha unalipeleka wilayani, unalipa ada, na ndipo unapewa cheti. Kwa mama mwenye kichanga mgongoni na wilaya iko kilomita 60, hatua ya pili mara nyingi haikufika.

Mwaka 2013, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ukishirikiana na UNICEF na wadau wengine, ulianzisha mkoani Mbeya mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano. Baadaye mpango huo ulisambazwa mkoa baada ya mkoa.

Mambo matatu yalibadilishwa kwa pamoja. Hatua mbili zikawa moja. Ada ya cheti cha kwanza kwa mtoto wa umri huo ikaondolewa. Na huduma ikatoka wilayani, ikahamia kwenye vituo vya afya, zahanati na ofisi za watendaji wa kata.

Hapo ndipo simu ilipoingia. Mhudumu anajaza cheti kwa mkono na kumkabidhi mzazi palepale, kisha anaingiza taarifa za mtoto kwenye programu iliyo katika simu ya mkononi na kuzituma kwenye kanzidata ya RITA. Hakuhitajiki kompyuta wala chumba chenye kiyoyozi.

Simu peke yake isingetosha

Tukizungumzia huduma za kidijitali serikalini, wengi tunafikiria mitambo. Lakini kwa maoni yangu, jambo kubwa katika mpango huu halikuwa simu. Lilikuwa uamuzi wa kiongozi kukubali kuachia kalamu.

Awali, mamlaka ya kutoa cheti yalikuwa juu, wilayani. Kuyashusha hadi kwa muuguzi wa zahanati na mtendaji wa kata kulihitaji mtu mwenye madaraka akubali kwamba watu wa chini wanaweza kuaminiwa, wafundishwe na wafuatiliwe. Kama RITA ingenunua simu lakini ikaacha sahihi wilayani, dada yangu angepanda basi kama baba alivyopanda.

Kwa sisi tunaoandika habari za afya, uamuzi wa kutumia zahanati una maana kubwa. Mtoto hupelekwa kliniki mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Kuna chanjo za siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Kila mahudhurio ni nafasi ya kumsajili. Nayo sekta ya afya inafaidika: ukijua ni watoto wangapi wamezaliwa kwenye kata, unajua ni dozi ngapi za chanjo zipelekwe huko na ni watoto gani hawajaonekana.

Haki ya mtoto, wajibu wa mzazi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina na uraia, na inamtaja mzazi au mlezi kuwa ndiye mwenye wajibu wa kumsajili.

Faida haziishii kwenye mkopo wa chuo. Cheti kinaonyesha umri. Binti anayetaka kuozeshwa akiwa mdogo, au kijana anayeingizwa kwenye kazi za hatari, anatetewa kwa urahisi zaidi pale umri wake unapokuwa kwenye maandishi na si kwenye kumbukumbu ya bibi. Kinahitajika pia kwenye mirathi, pasipoti na maombi ya kitambulisho cha taifa.

Ufanye nini leo?

Kama mtoto wako hajafikisha miaka mitano, nenda naye au na kadi yake ya kliniki kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, ukaulize usajili. Beba na tangazo kama unalo. Kadi ya kliniki si cheti, na tangazo si cheti.

Kubalianeni jina kabla ya kwenda. Familia nyingi huchelewa kwa sababu babu anataka jina lake na mama anataka lingine. Jina hilohilo ndilo litumike baadaye shuleni.

Kabla hujaondoka dirishani, soma kila herufi: jina la mtoto, la mama, la baba, tarehe na mahali alipozaliwa. Kosa likionekana palepale ni rahisi kurekebisha. Likionekana baada ya miaka 18 ni safari.

Muulize mhudumu kama taarifa zimeshatumwa kwenye mfumo. Ukiwa na karatasi lakini kanzidata haimjui mtoto, usumbufu utakuja wakati wa uhakiki. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA kwa waliozaliwa Bara, na kwa waliozaliwa Zanzibar uhakiki hufanywa na wakala wa huko wa usajili wa matukio ya kijamii.

Kama mtoto amevuka miaka mitano, hujachelewa kabisa. Maombi hufanyika kupitia ofisi ya wilaya au mfumo wa eRITA kwenye intaneti, kwa ada na viambatanisho. Fanya hivyo wakati hakuna anayekukimbiza.

Piga picha ya cheti kwa simu, uihifadhi, kisha uweke nakala halisi mahali pakavu.

Lile sanduku la bati la baba bado lipo. Ndani yake sasa kuna bahasha ya nailoni yenye nakala za vyeti vya wajukuu watatu. Mmoja wao bado hajaanza kutembea.