UNAJUA, LAKINI HUFANYI. KWA NINI?

Tuseme wewe unaishi Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa. Saa kumi na moja jioni umetoka shule, jua linashuka upande wa Malawi, umeshika ndoo na sabuni unateremka ziwani. Kichocho umefundishwa tangu shule ya msingi. Unajua kwamba vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi, na kwamba mtu akikojoa majini anarudisha mayai kwa konokono. Swali likija kwenye mtihani unazoa alama zote. Halafu unavua shati, unajitosa majini!

Usione haya, hauko peke yako. Hebu tujiulize: kama unajua, kwa nini unaingia?

Swali hilo ndilo kazi ya watu wa saikolojia ya afya. Daktari anashughulika na mdudu aliye mwilini. Hawa wenzetu wanashughulika na mtu mwenyewe: anaamini nini, anaogopa nini, washikaji zake wanasemaje, na kama njia nyingine ipo kweli au ipo kwenye kitabu tu. Pengine bomba la kijiji liko mbali. Pengine wote mnaoga pale, na anayekataa anaonekana anajidai. Tena zipo sehemu za Afrika ambako wavulana waliona damu kwenye mkojo wakadhani ni dalili ya kukua!

Mambo haya yalianza kuchunguzwa kwa makini Marekani, miaka ya 1950. Serikali ilipeleka magari ya kupiga picha ya kifua mitaani ili kugundua kifua kikuu mapema. Huduma ilikuwa bure, lakini wengi hawakwenda. Godfrey Hochbaum akawahoji watu wazima zaidi ya 1,200 katika miji mitatu. Ripoti yake ya mwaka 1958 ilionyesha hivi: kati ya walioamini kwamba wao wenyewe wanaweza kuugua, na kwamba kugundua mapema kunasaidia, asilimia 82 walikuwa wamewahi kwenda kupiga picha kwa hiari. Kati ya wasioamini lolote kati ya hayo mawili, ni asilimia 21 tu. Gari lilikuwa lilelile, bei ileile. Tofauti kubwa namna hiyo ilikuwa kichwani.

Sasa tuje kwa huyu kijana anayesoma shahada ya pili, yaani uzamili. Ili amalize, anatakiwa aandike tasnifu: kitabu cha utafiti wake mwenyewe, si cha kunakili. Hapa nchini wengi huufikia uwanja huu kupitia masomo ya jirani kama saikolojia tiba au afya ya jamii. Tuseme ameamua kuja Mbaha kwa ajili ya kichocho.

Kasheshe la kwanza ni swali. Karibu kila mwanafunzi huanza na swali kubwa kama ziwa lenyewe: "Kichocho na vijana wa Tanzania." Msimamizi wake atalikata, na atalikata tena, mpaka libaki jambo moja linaloweza kujibiwa na mtu mmoja, kwa fedha kidogo na miezi michache. Kwa mfano: ni sababu zipi zinazowafanya wanafunzi wa kidato cha pili, wanaojua kichocho kinavyoambukiza, waendelee kuoga ziwani? Linaonekana dogo, siyo? Lakini hilo linamalizika. Lile kubwa humzeesha mtu chuoni.

Baadaye anaandika pendekezo, analipeleka kwenye kamati ya maadili, anatafuta barua za wilaya na kata. Wanafunzi hulalamika kwamba huu ni urasimu mtupu. Mimi nasema hapana. Anakuja kumuuliza mtoto wa mtu mambo ya mkojo wake! Lazima aeleze atayaficha vipi majina, na atafanya nini akimkuta mwenye ugonjwa. Kwa kichocho dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Asiandike tu "ana kichocho" kisha akaondoka zake.

Kinachofuata ni kuuliza, na hapa ndipo penye utamu. Ukimuuliza mtu wa Mbaha "Je, unajua kuoga ziwani ni hatari?" atajibu ndiyo, kwa sababu swali lenyewe limemnong'oneza jibu. Bora umuulize: "Jana ulioga wapi? Saa ngapi? Ulikuwa na nani?" Na maneno yajaribiwe kwanza kwa watu wachache, maana neno linaloeleweka Dar es Salaam laweza kuleta kicheko kwetu.

Hata hivyo watu huzuga. Mfano mzuri upo hapahapa Tanzania, mkoani Mwanza, kwenye mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana. Mwaka 1998 uliandikisha vijana 9,645 katika jamii 20. Nusu ya jamii hizo zilipata elimu ya uzazi na UKIMWI shuleni pamoja na huduma rafiki kwa vijana kwenye vituo vya afya. Ndani ya kazi hiyo watafiti wakalinganisha njia tano za kujua ukweli: vipimo vya maabara, hojaji ya ana kwa ana, hojaji ya kujijazia kwa kuelekezwa, mahojiano marefu ya faragha, na kwenda kuishi kijijini na kushiriki maisha ya watu. Majibu yaligongana. Walikuwapo waliosema hawajawahi kufanya ngono huku vipimo vikisema vingine. Wasichana wenye maambukizi walifunguka zaidi kwenye mahojiano marefu kuliko kwenye karatasi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004.

Na mradi wenyewe? Ujuzi wa vijana ulipanda vizuri. Lakini vipimo vya mwaka 2007 na 2008 havikuonyesha kwamba maambukizi ya VVU yalikuwa yamepungua kwenye jamii zilizopata mafunzo. Fikiria kama wangetegemea majibu ya mdomo peke yake! Wangepiga makofi na kufunga kazi.

Kwa hiyo mtafiti akifika shuleni kwenu, jua haki zako. Lazima akueleze anatafuta nini. Kama hujafikisha miaka 18, mzazi au mlezi aridhie, na wewe mwenyewe uridhie pia. Unaweza kukataa, au kuacha katikati, na matibabu yako zahanati hayaguswi. Lakini ukikubali, usimpe jibu la mwalimu. Ukisema unaoga bombani kumbe unaoga ziwani, ataandika kwamba Mbaha hakuna tatizo, na wenye fedha za bomba watapeleka kwingine.

Akisharudi chuoni na makaratasi yake, wengi hudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo wengine hukwama. Ajira imepatikana, fedha zimekata, msimamizi amerudisha sura ya nne imejaa wino mwekundu. Wanaomaliza si lazima wawe ndio wenye akili sana darasani. Mara nyingi ni wale wanaoandika ukurasa mmoja kila siku, hata ukiwa mbaya, na kumpelekea msimamizi kabla haujapendeza. Anatetea, anafanya masahihisho, anakabidhi nakala. Nyingine, kwa maoni yangu, iletwe Mbaha na isomwe kwa Kiswahili mbele ya walioulizwa.

Ukipata intaneti, maktaba ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili imeweka tasnifu nyingi mtandaoni. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini fungua kurasa za mwisho. Mara nyingi utakuta hojaji yenyewe imebandikwa, na mara nyingine ipo kwa Kiswahili. Chukua kalamu ujijibu mwenyewe, peke yako, halafu weka alama pale ulipotaka kudanganya.