Hillbrow radi, Maskati jasho: kwa nini?

Asubuhi ya Desemba mtaani Hillbrow, Johannesburg, jua linawaka na mbingu ni safi. Ikifika saa kumi alasiri, wingu jeusi limeshaufunika Mnara wa Hillbrow wenye urefu wa mita 269, na radi zinapiga. Baadaye jua tena!

Siri ni nini? Desemba kule ni kiangazi. Jua hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikipanda hupoa, na mvuke wake hugeuka matone: ndiyo wingu. Wingu likirefuka sana, vipande vya barafu ndani yake hugongana na kuzalisha umeme.

Sasa watoto watauliza: mbona Maskati mwezi wa Julai kuna joto na unyevu wa bahari, lakini mvua hatuioni? Kwa sababu juu yetu hewa kavu inashuka, inaubana mvuke kama kifuniko cha sufuria. Lakini kwenye milima ya Hajar hewa husukumwa juu, kwa hiyo baadhi ya siku mawingu hujikusanya huko alasiri na wadi hufurika ghafla.

Wazazi, wafundisheni watoto kuhesabu. Radi ikimulika, hesabu mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zisipofika 30, ingieni ndani, si chini ya mti, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na wadi msiivuke.