Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda: Kipimo Ndiyo Kinga



Wapo wenzetu viwandani na mashambani ambao mioyo yao haipigi kwa mpango. Mara inakwenda mbio, mara inasita. Baadhi yao vali za moyo ziliharibika tangu utotoni kwa homa ya baridi yabisi. Moyo wa namna hiyo hausukumi damu yote. Damu inayotuama huganda, na donge likifika kwenye ubongo mtu hupatwa na kiharusi. Ndiyo sababu daktari huwaandikia vidonge vya warfarini.

Wengine huviogopa kwa kuwa wamesikia ni sumu ya panya. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mwaka 1948 dawa hii ilianza kuuzwa Marekani kwa kuulia panya; mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu. Tofauti ni kipimo. Panya hula ovyo, mgonjwa hupimiwa.

Kipimo chenyewe ni cha damu, nacho huitwa INR. Asiyetumia dawa hii huwa karibu na 1. Mgonjwa wa mapigo ya moyo kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2 na 3. Akiwa chini ya hapo, damu yaweza kuganda. Akizidi, hatari ya kutokwa na damu huongezeka. Hakuna anayeweza kuijua namba yake kwa kujisikia tu.

Basi tuyashike haya:

1. Usiache wala kuongeza vidonge bila daktari.

2. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, tunazonunua dukani kwa maumivu ya mgongo, huzidisha hatari ya kutokwa na damu. Metronidazoli huipandisha namba. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Kila unapotibiwa, sema kwamba unatumia warfarini.

3. Mchicha na sukuma wiki usiviache. Kula kwa kiasi kile kile kila wiki. Epuka ulevi.

4. Mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, au kugonga kichwa, hata bila jeraha: nenda hospitali mara moja.

5. Mama mjamzito, au anayetaka mimba, amwone daktari mapema, kwani dawa hii yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Siku hizi zipo dawa mpya zisizohitaji INR. Lakini utafiti uliotangazwa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulihusu wagonjwa wa mapigo ambao mioyo yao iliharibiwa na baridi yabisi. Waliopewa dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya. Kwa wagonjwa hao warfarini haijapitwa na wakati.

Hapo ndipo Chama kinapoingia. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kila aendapo kupimwa, mwisho ataacha kwenda. Wajumbe wa matawi, tudai siku ya kipimo ilipwe, na mwenzetu anayetumia dawa hii apewe kazi isiyo ya panga wala msumeno bila kupunguziwa malipo. Vidonge ni kazi ya daktari. Nafasi ya kupimwa ni kazi yetu sote.