Je, Wajua? Chale Anatafuta Mchumba

Je, wajua kwamba chale, neno letu la mchekeshaji wa jukwaani, limetokana na jina la Charlie Chaplin? Filamu zake za awali hazikuwa na sauti, kwa hiyo hazikuhitaji sana mkalimani.

Kazi iliyomsumbua sana ilikuwa ya mapenzi. Katika City Lights ya 1931, fukara anampenda muuza maua kipofu. Sasa, katika filamu bubu, binti asiyeona atadhanije kwamba fukara huyo ni tajiri? Chaplin alipiga tukio hilo tena na tena. Hesabu inayotajwa sana ni mara 342. Jibu lilikuwa mlango. Fukara anakatiza ndani ya gari la kifahari lililosimama barabarani, anaingia upande huu na kutokea ule, kisha anaubamiza mlango. Binti anausikia, anamnyooshea ua. Mimi sijaona penzi lililoanza kwa udogo kama huo likaniuma kiasi hicho.

Pua nyekundu ya chale nayo? Jacques Lecoq, aliyefungua shule yake ya maigizo Paris mwaka 1956, aliiita kinyago kidogo kuliko vyote duniani. Haimfichi mtu. Inamwacha wazi.

Na Uganda je? Kampala ina Jumba la Taifa la Maigizo tangu 1959, na tamasha la kimataifa la maigizo tangu 2014. Lakini chale akipanda jukwaani peke yake kutafuta mpenzi, mji huu unamwelewa hata bila tamasha. Mji huu una muziki wa kadongo kamu, maana yake kigita kimoja: mtu, nyuzi zake, na kisa kirefu, mara nyingi cha ndoa au cha mke aliyeondoka. Na kwenye vibanda vya video yupo VJ, anayeifasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda akiwa peke yake na kipaza sauti. Anamtongoza binti, anajibu kwa niaba ya binti, kisha anafoka kama baba mkwe. Hiyo ni sanaa kubwa, na inastahili heshima ya jukwaa lolote.

Je, wajua pia kuhusu runyege, ngoma ya uchumba ya Bunyoro na Tooro huko Uganda? Imepewa jina la njuga ambazo wanaume hujifunga miguuni. Inasimuliwa kwamba wachumba wakiwa wengi kwa binti mmoja, waliambiwa wacheze, na aliyechoka mwisho ndiye aliyempata. Kundi la ngoma la Ndere, alilolianzisha Stephen Rwangyezi mwaka 1984, huicheza katika kituo chake cha Ntinda, Kampala, naye huisimulia kwa utani mpaka wageni wanashika mbavu.

Chale wa peke yake hana wa kushindana naye, na bado anashindwa. Ndipo anapomshika mkono mtazamaji wa safu ya mbele na kumwomba acheze.